Wanyama wa ziwa kwa mkasi na uzi

Jumamosi, Kirumba

Tumepewa kazi ya kwilti moja kubwa ya ukutani, upana mita tatu na kimo mita mbili, ya kutundikwa kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni hapa Mwanza. Mwenye kazi amesema anataka wanyama. Hakutaja wanyama gani, na hapo ndipo mimi na mama mkubwa tulipokaa chini ya mwembe wake tukaanza kujadiliana.

Ukipita kwenye maduka ya vinyago na picha za watalii, utakutana na wale wale: simba, twiga, tembo, nyuma yao jua la rangi ya chungwa na mgunga mmoja pembeni. Ni wanyama wazuri, na Serengeti ni jirani yetu. Lakini sisi tumezaliwa kando ya ziwa. Aliyetuamsha alfajiri utotoni ni furukombe akilia juu ya mti, na aliyetukatiza miguuni tukienda shule ni mjusi wa kichwa chekundu. Sijamwona mjusi huyo kwenye kitambaa cha mtu yeyote. Mama mkubwa, ambaye amewashonea watu wa Kirumba tangu enzi za vitenge vya Mwatex, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Haya mwanangu, twende tukawaone kwanza. Humkatii mtu suruali kabla hujampima."

Basi tumepanga hivi: kesho Saanane, kisha mwaloni, halafu tuvuke twende Rubondo. Leo tumeshinda na mabaki ya vitambaa.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, kwilti ina matabaka matatu. Juu kuna picha iliyojengwa kwa vipande vya vitambaa, katikati pamba au blanketi jepesi, chini bitana. Uzi hupita matabaka yote matatu na kuyashikamanisha. Kwenye kwilti ya kitandani uzi huo hufanya kazi ya kushika tu. Kwenye kwilti ya sanaa uzi unachora pia: ndio unaoweka manyoya, mawimbi na mishipa ya jani.

Mabaki tumeyagawa mafungu matatu: ya mwanga, ya kati na ya giza. Rangi hatukuijali kabisa. Jicho humtambua mnyama kwa mwanga na kivuli kabla halijaiona rangi yake, kwa hiyo tembo wa zambarau ataaminika iwapo mgongo wake uko juani na tumbo lake kivulini, na tembo wa kijivu kitupu ataonekana jiwe. Bisa Butler, Mmarekani ambaye baba yake ni Mghana, hushona watu wa ukubwa wa kweli kwa vitenge vya bluu, zambarau na chungwa. Hakuna binadamu mwenye ngozi ya rangi hizo, na bado ukitazama unaona mtu aliye hai. Siri yake iko kwenye mafungu haya. Mimi huwa napiga vitambaa picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, ndipo naona kipi ni giza kweli. Mama mkubwa hufinya macho tu, na hukosea mara chache kuliko simu.

Jumapili, Saanane

Tumetoka misa ya kwanza tukaenda moja kwa moja Capri Point kupanda boti. Safari ni ya dakika chache. Ukigeuka nyuma unaliona jiji zima, nyumba zimeshikilia miamba hadi juu kileleni. Saanane ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, kilomita za mraba 2.18, na jina ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa. Mwaka 1964 serikali ilifungua hapa bustani ya wanyama, na mama mkubwa anakumbuka kuletwa na shule kuwatazama waliofungiwa. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja 2013. Leo swala pala walikuwa wakijilia majani karibu na njia bila kutujali.

Tulikuja kwa ajili ya mjusi, na tulimpata saa nne, jua lilipokuwa limeshalipasha jabali moto. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae. Dume ana kichwa, shingo na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea hadi kukaribia nyekundu, na kuanzia hapo mwili wote ni bluu nzito. Alikuwa akiinua na kushusha kifua, anapandisha kichwa, anatulia, anarudia tena. Jike lake lilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, kahawia yenye madoa, na tulikuwa tumekaa kitambo kirefu kabla ya kugundua kwamba lipo.

Mama mkubwa aliinama akatazama muda mrefu, halafu akaniuliza, "Pale wekundu unapokutana na bluu, unaona mstari?" Nikatazama. Hakuna mstari. Wekundu unavunjika vipande vidogo vidogo ndani ya bluu, gamba moja hivi, gamba jingine vile, upana wa kidole kizima. Kwa hiyo siwezi kuunganisha vitambaa viwili kwa mshono mmoja, itaonekana nimemvalisha mjusi fulana. Nitakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, nivichanganye eneo lile, nipitishe juu yake uzi mwekundu kisha uzi wa bluu. Nimechora kwenye daftari, nimepiga na picha, lakini picha haikushika lile swali la mstari. Macho ya mama mkubwa ndiyo yaliyolishika.

Pimbi walikuwa wengi, wamejipanga kwenye nyufa wakiota jua. Ni wadogo kiasi cha sungura na ukoo wao wa karibu ni tembo. Mwongozaji wetu alilisema hilo na mama mkubwa akacheka hadi akashika mti. Nitawaweka wawili tu. Rangi yao ni ya jiwe na hawadai kitambaa kipya.

Jiwe lenyewe ndilo lililonichukua mchana kutwa. Miamba ya Mwanza ikitazamwa kwa mbali ni kijivu. Ikitazamwa kwa karibu ina weupe palipopigwa na jua, michirizi myeusi maji ya mvua yanapoteremkia, na madoa meupe na ya manjano yanayoota juu yake. Nikakumbuka jinzi za mtumba. Suruali moja iliyochakaa ina rangi hizo zote: gotini karibu nyeupe, mapajani bluu ya kijivu, na ukifumua mfuko wa nyuma, pale ulipokuwa umefunika pamebaki giza kama kitambaa kipya. Mawe yote ya kwilti hii yatakuwa jinzi. Nilimwambia mama mkubwa tukiwa kwenye boti ya kurudi, akaniambia ninunue na za watoto, kwa sababu kitambaa chake ni laini na sindano haitahangaika.

Jumatatu, Mwaloni hadi Makoroboi

Alfajiri Mwaloni. Dagaa wameanikwa, wengine wanapakiwa kwenye magunia, na kongoti wanatembea katikati ya watu kwa madaha yao, vichwa vipara, mifuko ya shingo ikining'inia. Watu huwaona wabaya. Mimi nimemsimamia mmoja hadi aliponigeuzia mgongo, na mgongo ule una rangi ya risasi yenye kung'aa kijani kidogo mwanga ukimpiga upande. Kitambaa chake ni suti ya kiume ya mtumba, ile ya kijivu inayometa.

Mdiria alikuwa akifanya kazi yake karibu na mitumbwi, mweusi na mweupe, anasimama hewani akipiga mabawa palepale kisha anajitupa majini. Mnyama anayesimama hewani ana faida kwa fundi: anakupa muda wa kuhesabu mistari ya kifua. Dume ana mikanda miwili, jike mmoja usiokamilika.

Tulichokuja kukitafuta ni wavu mbovu wa dagaa. Tulimkuta kijana akishona wake, pembeni yake ameweka kipande kilichochanika kisichotengenezeka.

"Shikamoo mama. Wavu huu mnataka wa nini? Hata samaki mmoja hamtapata."

"Marahaba baba," akasema mama mkubwa. "Tunataka kushonea maji."

Alitutazama, akatazama wavu, akatupa kipande kirefu na fedha akakataa. Matumizi yake ni haya: ukitandaza wavu mwembamba juu ya kitambaa cha bluu, rangi inafifia na kuwa na ukungu, na kilichoko chini kinaonekana kama kimezama. Wavu mara moja ni maji ya kina kifupi. Mara mbili ni kilindini. Maji ya kitambaa kitupu huwa yanabaki ukuta uliopakwa rangi ya bluu, hata ukiyashonea mawimbi mangapi.

Mchana tukapanda Makoroboi kununua vitenge. Kitenge cha mnyama hakichaguliwi kama cha gauni. Tumetembea na vipande vya boksi nilivyovitoboa tundu: kimoja umbo la samaki, kingine umbo la bawa. Unaweka boksi juu ya kitambaa, unalisogeza polepole, na ghafla ndani ya tundu unaona samaki mwenye magamba yake tayari, mahali ambapo mwenye duka anaona maua. Kitenge kimoja cha miduara ya njano kimetupa furu, samaki wadogo wa ziwa letu, wa aina nyingi kwa kusogeza boksi tu. Wauzaji wanashangaa, wengine wanakereka kwa sababu tunakunjua majora na kununua mita moja.

Nililobishana nalo ni suala la pamba. Vitenge vingi vya bei nafuu sasa vina polista ndani, na haviwezi pasi ya moto. Dawa yake ni kiberiti. Unachomoa nyuzi mbili tatu ukingoni na kuziwasha. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na polista hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Mwombe mwenye duka ruhusa kwanza na ukachomee nje. Jioni tumeviloweka vyote kwenye maji ya uvuguvugu, kila rangi beseni lake, maana nyekundu ikichuja baadaye juu ya bafta nyeupe ya furukombe hakuna sabuni itakayomrudisha.

Jumanne, barabarani

Basi la asubuhi kutoka Nyegezi. Usagara tukakata kulia, na muda si mrefu tukawa juu ya daraja la Kigongo–Busisi, Daraja la J.P. Magufuli, karibu kilomita 3 juu ya ghuba, lililozinduliwa Juni 2025. Mama mkubwa alifungua dirisha. Amevuka hapa kwa kivuko miaka yake yote, kuna siku alilala Busisi na mzigo wa vitenge kwa sababu foleni haikuisha. Leo hata kanga yake hakuipanga vizuri mabegani tukawa tumeshafika ng'ambo.

Baada ya hapo ni pamba. Huu ndio msimu wake, na kila kijiji kina marundo meupe yakisubiri kupimwa. Mbegu nyingi za wakulima wetu zimetoka Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko upande wa pili tulikotoka. Zile UK91 na UKM08 ambazo wakulima wanazitaja kila siku herufi zake za mwanzo ni za hapo. Inanipa furaha ya pekee kwamba kwilti ya wanyama wa ziwa itakuwa na pamba ya ziwa tumboni.

Ila pamba mbichi ina tabia. Ukiitandaza ikawa haijashikwa na uzi wa karibu, inahama na kukusanyika mabonge, na kwenye kitu kinachoning'inia itateremka yote chini. Kwilti kongwe za Marekani zina mistari ya uzi iliyokaribiana sana, na sababu kubwa ni hiyo hiyo, pamba ilibidi ifungwe isikimbie. Tumeamua hivi: tabaka la katikati liwe blanketi jepesi la pamba, na pamba ya shambani iingie pale tu ambapo mwili unatakiwa utune. Unashona mzingo wa bega la mnyama, unapasua bitana kidogo kwa nyuma, unasukumia pamba ndani kwa kijiti, kisha unafunga tundu kwa mkono. Kiboko atatuna. Mjusi atabaki bapa, ndivyo alivyo.

Geita, Katoro, Buseresere, Chato, Muganza. Vumbi na miwa. Tumelala.

Jumatano, Rubondo

Asubuhi boti ya hifadhi ilituchukua hadi Kageye, kituo cha hifadhi kisiwani. Rubondo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, na ni msitu mkubwa ulioshuka hadi majini, mafunjo yakiuzunguka sehemu nyingi. Kisiwani hakuna simba wala chui, kwa hiyo unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari. Kwa mtu anayetaka kukaa na daftari na kutazama mguu mmoja wa mnyama kwa saa nzima, hakuna pazuri kuliko hapa.

Nilikuja kwa ajili ya nzohe, mnyama wa jamii ya swala aishiye kinamasini. Yeye ni mwenyeji wa hapa, hakuletwa na mtu. Askari alituweka kwenye ukingo wa kinamasi akatuambia tusiseme. Tulisubiri hadi nilianza kuona nzohe kila mahali mafunjo yalipotikisika. Alipotoka kweli alikuwa jike, ametokea bila sauti, wekundu wa udongo wa kichuguu, mistari myeupe iliyofifia mgongoni na madoa pajani. Akasimama maji yakimfika tumboni.

Niseme yote niliyoyaona maana ndiyo niliyoyafuata. Manyoya yake ni marefu na yamelowa, yanashuka kwa mafungu, hayang'ai kama ya swala. Miguu ya nyuma inaonekana mirefu kidogo kuliko ya mbele, hivyo mgongo umepanda nyuma na mnyama anaonekana daima yuko katika kunyata. Alipopanda kwenye matete niliziona kwato: ndefu, nyembamba, zimetanuka kwa mbele, ndizo zinazomwezesha kukanyaga matope na majani yanayoelea pasipo kuzama. Askari alinong'ona kwamba akitishwa hujizamisha majini akaacha pua tu. Dume hatukuliona karibu. Lilikuwa mbali, kijivu cha kahawia, pembe zimejisokota, likaingia ndani likatoweka.

Mama mkubwa alikuwa tayari ameshachagua kitambaa kabla hatujarudi kambini. "Kaptula za shule," alisema. Kaki iliyofuliwa miaka mitatu na kupigwa jua ina wekundu ule ule uliochoka. Tutaikata vipande virefu, kingo zake hatutazikunja wala kuzipiga shulu, tutaziacha zichambuke, na nyuzi zinazotoka ndizo zitakuwa manyoya yaliyolowa. Mistari ya mgongoni isiwe utepe wa kubandika, iwe uzi mweupe uliopitishwa huku na huku kwa cherehani hadi uonekane umefifia. Kwa kazi hiyo mguu wa cherehani unaondolewa, meno yanafunikwa kwa kadi ili yasivute kitambaa, na mikono yako ndiyo inayoongoza kitambaa kwenda popote. Cherehani ya miguu inafaa sana hapa, kwa sababu mwendo uko kwenye nyayo zako na unaweza kwenda sindano moja moja ukifika kwenye pua.

Jicho nimelichora peke yake, ukurasa mzima. Jeusi, pana, ukingo wa juu una giza zito la ukope, na mwanga uliomo ni nukta moja, juu kidogo kushoto, jua lilipokuwa. Nukta ile ikikaa katikati mnyama anakuwa mwanasesere.

Alhamisi, Rubondo

Furukombe wamejaa kisiwa hiki, kila baada ya mwendo mfupi kuna jozi. Tatizo lake kwa fundi ni weupe. Kichwa, kifua na mkia ni nyeupe, na anayeshona nyeupe yote kwa bafta moja atapata tundu lenye umbo la ndege. Nimekaa chini ya mti mmoja nikaandika weupe niliouona: upande wa jua ni bafta mpya, chini ya kidevu ni bluu iliyopauka, kifuani, juu tu ya kahawia ya tumbo, ni marekani isiyochakatwa, yenye unjano wa mbali. Bafta mpya ni sehemu ndogo sana ya weupe wake.

Mchana tulisikia sokwe, hatukuwaona. Kelele moja ilitoka upande wa kilima, ikajibiwa, msitu wote ukajaa, halafu kimya. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama Mjerumani, na shirika la wanyama la Frankfurt walileta hapa sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wanyama waliokamatwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo na kufungiwa ng'ambo. Waliachiwa huku bila kufundishwa, wakajifunza matunda ya msitu mgeni, wakazaa. Tembo, twiga na mbega wa hapa nao waliletwa.

Hili limenifikirisha hadi usiku. Nilikusudia kwilti ya wenyeji wa ziwa, nzohe, kiboko, fisi maji, mjusi, furukombe. Sasa nitawaacha nje hawa waliovuka bahari? Nikakumbuka kazi za Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Kwilti zake mbili ndizo zilizosalia, moja iko Washington, nyingine Boston. Alizigawa vyumba vyumba, kila chumba kisa chake, na mojawapo ina nguruwe jike aliyekimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Moja aliiuza kwa dola 5 kwa sababu ya shida. Watafiti wamezifananisha picha zake na vitambaa vya Abomey, Benin, ambako mafundi walikuwa wakikata wanyama wa wafalme: nyati wa Ghezo, simba wa Glele, papa wa Behanzin. Kwa hiyo kukata mnyama kwa kitambaa na kumshonea historia ni kazi yetu ya kale Waafrika, na ilivuka maji na watu wetu.

Nimemwambia mama mkubwa: sokwe tuwaweke kwenye ukingo wa chini, vyumba vidogo vidogo, kila chumba sokwe mmoja na kreti lake, 17 mfululizo, chumba cha mwisho mlango wa kreti uko wazi na ndani hakuna mtu. Alinyamaza, akasema, "Kreti tukate kwenye magunia ya sukari." Amekubali.

Ijumaa

Kurudi. Mwenye kazi alipiga simu tukiwa Geita akitaka kujua kama simba yumo. Nikamtumia picha ya mchoro wa nzohe. Yeye ni mtu wa Sengerema na hakuwahi kumwona. Amesema endeleeni.

Jumamosi, Kirumba

Tumetandaza bitana sakafuni, juu yake blanketi, juu yake maji ya bluu, na tumeanza kuwalaza wanyama bila kuwashona. Miamba ya jinzi kushoto, mjusi juu yake. Mafunjo kulia yakiwa vipande vya kitenge cha kijani, vichwa vyake nyuzi zilizochambuliwa. Nzohe kati ya mafunjo, kichwa tu na mgongo. Furukombe juu.

Chini ya maji nimewapanga furu. Hapa ndipo yale mabaki madogo kabisa, yasiyotosha hata kifungo cha kujivika, yanapata kazi. Wataalamu wanakadiria ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, samaki wadogo wenye rangi kila mmoja yake, na hawapatikani kwingine duniani. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akazidi sana miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Nilikuwa nimekusudia sangara asiwemo. Nilimwambia mama mkubwa wazi kwamba samaki huyo ndiye aliyewamaliza furu.

Mama mkubwa aliweka mkasi chini. "Na ada yako ya sekondari ilitoka wapi? Baba yako aliuza nini pale mwaloni?"

Sikuwa na jibu. Baba alikuwa mvuvi wa sangara. Minofu ilikwenda Ulaya, mabondo, ile mifuko ya hewa ya samaki, yakapanda bei, na sisi wa Kirumba tulikula mapanki, mifupa inayobaki minofu ikitolewa, na kusoma kwa fedha hizo. Nusu ya mtaa huu imejengwa na samaki huyo.

Tumekaa na suala hilo hadi adhuhuri, na jibu limetoka kwenye wavu wa yule kijana. Sangara atakuwemo, tena mkubwa kuliko wote, mita moja na nusu, kwa maana anafikia hata kilo 200. Lakini mwili wake utakuwa wavu mtupu, mgongo mara tatu na tumbo mara moja, na furu wenye rangi zao wataonekana ndani yake. Jicho lake ni kifungo cha shaba cha koti la baba. Tulipomlaza, mama mkubwa alifinya macho, akamsogeza kichwa kidogo kuelekea kwenye mafunjo, akasema hapo sawa.

Wavu ni nailoni na hauwezi pasi, wala cherehani haitauweza bila kuuvuta, kwa hiyo sangara wote atashonwa kwa mkono. Mama mkubwa ameichukua kazi hiyo. Ameshapiga bandi upande wa mkia, na ameniagiza nikamtafutie uzi wa kijivu mwembamba kuliko huu tulionao, halafu nirudi kwenye jicho la nzohe.